Kiganja, Muo na Mrija: Zana za Kupandia Mbegu na Swali Juu ya Mpanzi

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa mchungaji wa usharika mmoja wa milimani, niliongoza kipindi cha kujifunza Biblia juu ya mfano wa mpanzi (Mk. 4:1-20, Mt. 13:1-23, Lk. 8:4-15). Yalikuwa yamebaki majuma machache kabla ya mvua za masika, na katika nyumba nyingi mbegu zilikwisha kuchambuliwa na kuwekwa kando. Somo liliposomwa, mama mmoja mzee wa usharika aliinua mkono akauliza: "Baba Mchungaji, huyu mtu alifundishwa kupanda na nani? Mbegu njiani, mbegu mwambani, mbegu katika miiba! Kwetu mtoto akipanda hivyo ananyang'anywa kibuyu cha mbegu na kurudishwa nyumbani."

Watu walicheka, nami nilicheka pamoja nao. Kisha nikatoa jibu nililojifunza chuoni. Nilieleza kwamba Joachim Jeremias, mtaalamu mkubwa wa Agano Jipya, aliandika katika kitabu chake juu ya mifano ya Yesu, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1947, kwamba huko Palestina watu walipanda kwanza na kulima baadaye. Mpanzi hakuwa mzembe. Alitupa mbegu juu ya kijia kilichokanyagwa na juu ya miiba mikavu kwa kuwa plau ingepita nyuma yake na kuvipindua vyote. Nilidhani nimemaliza. Mama yule alinisikiliza kwa adabu, akasema: "Sawa, Baba. Lakini ndege hawangoji jembe."

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi kuliko nilivyomjibu siku ile, na njia niliyoichagua ni kuangalia historia ya zana ambazo mwanadamu amezitumia kuitia mbegu ardhini. Historia hiyo si ya wakulima peke yao. Manabii wanaigusa, kitabu kimoja cha kale kinamtaja ndani yake Baba yetu Abrahamu, na wahubiri tunaisimamia kila mara tunaposimama mimbarani na mfano huu, ambao katika mapokeo ya Kilutheri ni Injili ya Jumapili ya Sexagesima.

Kupanda na kusia

Ugumu wa kwanza uko katika lugha yetu wenyewe. Tafsiri zetu humwita mtu huyu "mpanzi", na kazi yake "kupanda". Neno hili kwetu ni pana mno. Tunapanda mahindi, tunapanda migomba, tunapanda hata miti ya mipaka. Mkulima wa mahindi asikiapo neno kupanda, huona mbele yake shimo: mtu mmoja anapiga jembe au kuchoma ardhi kwa muo, yaani kile kijiti kilichochongwa ncha, na wa pili anadondosha punje mbili au tatu kisha anafukia kwa mguu. Hapo mbegu haiwezi kuanguka njiani isipokuwa kwa mchezo wa mtoto. Mahindi yenyewe ni mgeni aliyetoka Amerika, nayo yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuja. Yesu hakuyajua.

Lakini Kiswahili kina neno jingine, "kusia", maana yake kutawanya mbegu kwa mkono juu ya ardhi. Hivyo ndivyo tunavyofanya kwa mbegu ndogo, na hasa ulezi, ambao wasomaji wengi wa Kilimanjaro wanaujua kwa matumizi ambayo si lazima kuyataja katika jarida hili. Asiaye ulezi hajui kila punje itaangukia wapi. Anajua ukubwa wa kiganja chake, urefu wa hatua yake, na upepo unatoka upande gani. Mpanzi wa Injili alikuwa msiaji wa namna hiyo, ila mbegu yake ilikuwa ngano au shayiri.

Waebrania wenyewe hawakuchanganya namna hizi. Isaya 28:23-29 ni fungu ambalo wahubiri wengi hulipita, nalo ni kama darasa dogo la kilimo. Katika aya ya 25 nabii anatumia vitenzi vitatu mbalimbali: hefits, kutawanya, kwa mbegu ndogo za kiungo, zaraq, kurusha, kwa jira, na sim, kuweka, kwa ngano, shayiri na kusemethi. Ngano inawekwa sorah, neno ambalo wafasiri wengi hulichukua kuwa "katika mistari", ingawa maana yake haina hakika. Kisha nabii anasema kwamba maarifa haya mkulima amefundishwa na Mungu wake. Mama yule alipouliza mpanzi alifundishwa na nani, alikuwa anauliza swali la Isaya bila kujua, au pengine akijua.

Plau yenye mrija na kunguru wa Mastema

Katika nchi ya Mesopotamia, ambako Maandiko yanasema Abrahamu alitoka, tatizo la mbegu iliyoachwa juu ya ardhi lilipata dawa mapema sana. Wasumeri na Wababeli walikuwa na plau ya kupandia. Nyuma ya ncha ya plau ulisimamishwa mrija, na juu ya mrija palikuwa na kikombe au faneli. Mhuri mmoja wa wakati wa wafalme Wakasi, ambao alama yake ilipatikana Nippur, unaonyesha watu watatu kazini: mmoja anaongoza ng'ombe, mwingine ameshika plau, na wa tatu anatia punje katika faneli kwa mkono. Mbegu ilishuka ndani ya mfereji uleule uliokuwa ukichimbwa, na udongo ukairudia. Ng'ombe walivuta, lakini kipimo cha mbegu kilikuwa vidole vya mtu.

Maandishi ya Kisumeri yaitwayo na wataalamu "Maagizo ya Mkulima", ambayo nakala zake ni za miaka karibu 3,700 iliyopita, yanamtaka mkulima amwangalie sana yule mtia mbegu, ili punje zishuke sawasawa kwa kina cha vidole viwili. Yanamwagiza pia afukuze ndege. Miaka elfu moja baadaye mfalme Esar-hadoni wa Ashuru (681-669 K.K.), yuleyule anayetajwa katika 2 Wafalme 19:37 na Ezra 4:2, aliagiza plau hiyo yenye mrija ichongwe pamoja na alama nyingine za ufalme wake juu ya jiwe jeusi ambalo leo lipo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Wachina nao, wakati wa nasaba ya Han, walikuwa na chombo cha mirija kadhaa kilichopanda mistari mingi kwa pamoja. Sitaingia huko, kwa maana njia yetu inapita kwa Abrahamu.

Kitabu cha Yubile kiliandikwa na Wayahudi katika karne ya 2 K.K. Vipande vyake vya Kiebrania vimepatikana Qumran, lakini kitabu kizima kimehifadhiwa kwa Kigeezi peke yake, na Kanisa la Orthodox la Ethiopia hukihesabu miongoni mwa Maandiko yake. Sura ya 11 inasimulia kwamba mkuu wa pepo wabaya, jina lake Mastema, alituma kunguru na ndege wengine wale mbegu katika nchi na kuwanyang'anya wanadamu jasho lao. Mwandishi anasema wazi kwamba kunguru waliziokota mbegu juu ya ardhi kabla watu hawajawahi kuzilimia. Nchi ikawa na njaa. Ndipo kijana Abramu, mwenye umri wa miaka 14, akatoka pamoja na walinzi wa mashamba. Kila kundi la kunguru lilipokuja alilikimbilia na kulipigia kelele lirudi lilikotoka, na siku ile aliwarudisha mara 70. Jina lake likawa kubwa katika nchi ya Wakaldayo.

Lakini Abramu hakuridhika na kukimbizana na ndege. Muda si mrefu aliwafundisha mafundi seremala kutengeneza chombo cha kukaa juu ya plau, mbegu itiwe humo, ishuke mpaka kwenye ncha ya plau na kufichwa ardhini. Wakafanya hivyo kwa plau zote, na tangu hapo hawakuwaogopa kunguru. Kwa mwandishi huyu, basi, ile plau ya Mesopotamia ilikuwa kazi ya baba wa imani. Kihistoria hatuwezi kukubali hivyo, kwa sababu chombo ni cha kale kuliko tarehe yoyote tunayoweza kumwekea Abrahamu. Hata hivyo yafaa tuone jinsi mwandishi alivyofikiri. Mbegu inayoliwa na ndege ni kazi ya adui, na aliyempinga adui huyo alitumia kwanza miguu na sauti yake, kisha akili na useremala.

Sasa tumsome Marko 4:15. Ndege waliokula mbegu ya njiani wanafasiriwa kuwa Shetani. Mathayo anasema yule mwovu, Luka anasema Ibilisi. Nilipoikuta sura hii ya Yubile kwa mara ya kwanza, miaka mingi baada ya kumaliza masomo yangu, nilikaa kimya mezani kwa muda. Mama mzee wa usharika alikuwa ameona, kwa kusikia tu kusomwa kwa Injili, jambo ambalo Mwethiopia yeyote aliyelelewa na kitabu hiki angelikumbuka mara moja: ndege hawangoji jembe.

Ugomvi wa wataalamu

Jeremias alijua habari za Yubile. Ni mojawapo ya hoja zake. Hoja nyingine aliipata katika Mishna, traktati ya Shabati 7:2, ambapo kazi 39 zilizokatazwa siku ya Sabato zinaanza kwa kupanda, ndipo kulima. Talmudi ya Babeli inaeleza kwamba mpangilio huo unatokana na desturi ya nchi ya Israeli. Alimfuata pia Gustaf Dalman, Mlutheri mwenzetu, aliyekaa Yerusalemu akiongoza taasisi ya Kiprotestanti ya Kijerumani tangu 1902 na kuandika kwa uangalifu mkubwa kazi na desturi za wakulima wa Palestina. Ukimsoma Dalman unahisi kwamba alisimama shambani kwa saa nyingi, jambo ambalo si wafafanuzi wote wamelifanya.

Mwaka 1964 K. D. White, mwanahistoria wa kilimo cha Kirumi, alimpinga Jeremias. Alisema hakuna mkulima mwenye akili angetupa mbegu juu ya ardhi isiyoguswa. Na Yeremia 4:3 hutaka shamba lilimwe kwanza, na hukataza kupanda penye miiba. Jeremias alijibu mwaka 1966. Mwaka 1978 Philip Payne alionyesha kwamba pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli: shamba lililimwa kabla ya kupanda ili kupasua ardhi, kisha likalimwa tena baada ya kupanda ili kufunika mbegu. Naona Payne ana haki. Lakini naona pia kwamba wote watatu walishughulika kumtetea mpanzi, kana kwamba heshima yake ndiyo iliyoko hatarini. Hawakuuliza sana kiganja chenyewe hufanya nini.

Kiganja kikitupa mbegu hakichagui. Atupaye karibu na mpaka wa shamba anajua kwamba punje kadhaa zitavuka. Akijizuia, pembe za shamba zitabaki tupu. Mashamba ya vilima vya Galilaya yalikuwa madogo, mwamba ukiwa chini kidogo ya udongo, na vijia vikikata katikati kwa kuwa watu walipita humo kwenda kwa jirani na kisimani. Kutupa mbegu mahali kama hapo bila kupoteza hata moja haiwezekani. Mrija wa Mesopotamia ulikuwepo duniani, lakini ulitaka ng'ombe, fundi, na watu wawili au watatu, na shamba tambarare. Mkulima maskini wa Galilaya alikuwa na nguo iliyokunjwa kifuani au mfuko, na mkono wake.

Kwa hiyo basi naona tumezoea kuuhubiri mfano huu vibaya. Mimi mwenyewe nimewahi kuugawa usharika katika mafungu manne: ninyi mlio njia, ninyi mlio mwamba, ninyi wa miiba, nanyi wachache mlio udongo mzuri. Watu wa viti vya mbele hufurahi. Lakini katika kusia, konzi moja ya mbegu huangukia penye njia na penye udongo kwa tupo moja. Ni shamba moja. Kijia kimekuwa kigumu kwa sababu ya miguu ya watu waliopita, na mara nyingi miguu hiyo ni yetu sisi viongozi. Sisemi kwamba ufafanuzi wa Marko 4:14-20 haugawi wasikilizaji; unawagawa. Nasema hauwapi ruhusa wahubiri kuacha kutupa upande wa njia.

Kinanda, fidla na kiganja cha chuma

Ulaya iliendelea kusia kwa mkono kwa karne nyingi. Mwingereza alining'iniza begani sanduku au kikapu kilichopindwa kama figo ili kikae vizuri kiunoni, akapiga hatua za kulingana, na kwa kila hatua mkono ulichota na kutupa. Mtu mwenye mikono miwili hodari alitupa kulia na kushoto. Ndivyo Jean-François Millet alivyomchora mpanzi wake mwaka 1850, na ndivyo Vincent van Gogh, mtoto wa mchungaji aliyeshindwa kuwa mwinjilisti, alivyomchora tena mwaka 1888 chini ya jua kubwa la manjano.

Hasara ilikuwa kubwa kuliko picha hizo zinavyoonyesha. Katika Uingereza ya Zama za Kati mavuno ya ngano yalikuwa kama mara tatu au nne ya mbegu iliyopandwa. Maana yake ni kwamba kati ya magunia manne, moja lilikuwa si lako. Lilikuwa la shamba la mwaka ujao. Ndiyo sababu watu walianza kutafuta namna ya kuihurumia mbegu. Mwaka 1600 Hugh Plat alichapisha kijitabu juu ya kupanda ngano katika mashimo, na anasimulia kwamba jambo hilo lilianza pale kijakazi mmoja alipoangusha kwa bahati punje za ngano katika mashimo ya mbegu za mboga. Kama ni kweli, ugunduzi ulikuwa wa mwanamke ambaye Plat hakujisumbua kutuachia jina lake.

Jethro Tull anakumbukwa zaidi. Alizaliwa 1674, akasomea sheria, kisha akarudi shambani. Karibu mwaka 1701 aliunda mashine ya kupanda mbegu katika mistari, ikivutwa na farasi, na mwaka 1731 alianza kuchapisha mafundisho yake. Anaeleza kwamba alitaka mbegu zitiwe katika mifereji kwa kipimo, wafanyakazi wake wakakataa, naye akatafuta chombo cha kufanya kazi hiyo mahali pao. Malalamiko ya bwana juu ya wafanyakazi nayasoma kwa tahadhari, kwa sababu wao hawakuandika kitabu. Lakini jambo litakalowafurahisha walimu wetu wa kwaya ni mahali alipopata wazo lenyewe. Alikuwa mpenzi wa muziki na alikuwa amechunguza kila sehemu ya kinanda chake. Akakumbuka mfereji mdogo, ulimi na springi vinavyofungua na kufunga hewa, akatumia mpango uleule kuachia punje moja baada ya nyingine.

Kwa mtu asiye na farasi, karne ya 19 ilileta zana nyingine. Mojawapo ilikuwa na mfuko wa mbegu uliobebwa kifuani, sahani ndogo inayozunguka chini yake, na upinde ambao mpanzi aliuvuta na kuusukuma kama mpiga zeze. Waingereza waliiita fidla ya mbegu. Kila upinde ulipokwenda, sahani ilizunguka na kurusha mbegu kwa upana ulio sawa, nao wakulima wa milimani waliitumia hata katika karne ya 20. Mwaka 1857 Charles W. Cahoon wa Portland, Maine, alipata hataza ya chombo kama hicho chenye mpini wa kuzungusha badala ya upinde, nacho kilitengenezwa na kampuni ya Goodell huko Antrim, New Hampshire. Samuel Leeds Allen, mfuasi wa Jumuiya ya Marafiki, aliunda vipandio vya kusukuma kwa mikono ambavyo vilijulikana kwa jina la Planet Jr.; inasimuliwa kwamba chombo chake cha kwanza kilifanana na sayari ya Zohali na pete zake.

Tukiangalia vizuri, fidla na chombo cha Cahoon havikuacha kusia. Vilikuwa kiganja cha chuma. Mbegu bado ilibaki juu ya ardhi na kungoja haro, na ndege bado walikuwa na saa zao.

Waliotembea nyuma

Picha za mpanzi huonyesha mtu mmoja. Rekodi za kazi huonyesha wengi. Huko Norfolk na Suffolk mwishoni mwa karne ya 18, ngano ilipandwa kwa miuo ya chuma: mwanamume alitembea kinyumenyume akiwa na muo katika kila mkono, akichoma matundu mawili kwa pamoja, na nyuma yake walifuata wanawake na watoto walioinama kudondosha punje katika kila tundu. Mwenye shamba aliokoa mbegu. Familia ilipata ujira. Mgongo ulioinama siku nzima ulikuwa wa mtoto.

Huko Maryland, Marekani, jimbo la utumwa wakati huo, mkulima mmoja Mweusi, Henry Blair, alipata hataza tarehe 14 Oktoba 1834 kwa mashine ya kupandia mahindi, na tarehe 31 Agosti 1836 kwa mashine ya kupandia pamba. Hati zake alitia alama ya X kwa sababu hakujua kuandika, na katika orodha ya serikali jina lake liliandikiwa maneno ya kueleza rangi yake. Sijui niseme nini juu ya mashine ile ya pamba. Chombo kinachopunguza uchovu wa mpandaji kinaweza pia kulipanua shamba la bwana wake, na shamba la pamba katika nchi ile lilihitaji mikono ya watumwa wakati wa kuvuna hata kama halikuihitaji wakati wa kupanda.

Sisi nasi tulitembea nyuma. Wasomaji wengi wa jarida hili walipanda mashamba ya shule kwa kamba yenye mafundo, mistari ikiachana sentimita 75, wavulana wakipiga mashimo na wasichana wakitia mbegu, au kinyume. Baadaye, katika miaka ya 2000, miradi ya kilimo hifadhi ilileta Karatu na Arumeru kipandio cha mkono cha aina inayotumiwa sana Brazil: miguu miwili ya mbao iliyounganishwa, mdomo wa chuma chini, na kisanduku cha mbegu pembeni. Unakichoma ardhini, unafungua mikono, punje zinashuka ndani ya tundu, unaendelea. Huinami. Shimo na mbegu vimekuwa kazi ya mtu mmoja, amesimama wima. Wanawake niliowauliza walikisifu kwanza kwa ajili ya kiuno.

Machozi ya Zaburi 126

Jambo moja la lugha limebaki. Katika Zaburi 126:6 mtu anatoka akilia, amechukua meshekh hazzara. Mzizi wa neno hilo ni m-sh-k, kuvuta. Wengine hulifasiri kuwa mfuko wa mbegu, wengine kuwa mkondo wa mbegu unaovutwa kutoka mkononi. Mzizi huohuo unarudi katika Amosi 9:13, ambapo mpanzi anaitwa moshekh hazzara, mvutaji wa mbegu. Waliotaka kuona hapo plau yenye mrija wamekwenda mbali kuliko maandishi yanavyoruhusu. Mfuko au mkondo, kinachobebwa ni kilekile, na mtu analia.

Kwa nini analia? Nimesikia mahubiri mengi juu ya machozi hayo yakielekezwa kwa toba, au kwa taabu ya huduma. Mwaka mmoja, masika ya kwanza yalipoanguka na kukatika, mbegu zikaota na kukauka, nilitembelea nyumba za usharika uleule. Mvua ikarudi baada ya majuma matatu. Debe la mbegu lililokuwa limebaki lilikuwa ndilo chakula cha nyumba. Niliwaona wazazi wakilitoa nje mbele ya watoto ambao hawakuwa wamekula tangu asubuhi. Mwanamke mmoja alikuwa akitia punje mbili kila shimo badala ya tatu, na kila mara alipofungua kiganja alikitazama kwanza. Hapo nilielewa kwamba mtunga zaburi alikuwa anaeleza hesabu ya ghala.

Nikarudi kwa mfano wa Yesu nikiwa na picha hiyo. Wasikilizaji wa kando ya ziwa walikuwa watu wa hesabu hiyo. Waliposikia mbegu imeliwa na ndege hawakusikia fundisho juu ya tabia za watu, walisikia mkate. Na mpanzi wa mfano, akijua ndege wapo, akijua njia ipo, hakufunga kiganja.

Mama yule aliyeniuliza sasa ni marehemu. Kabla hajafariki nilipata nafasi ya kumsimulia habari za Abramu na kunguru, naye alizipenda sana, ila alitaka kujua kama Sara alikuwa mmoja wa waliotia mbegu katika mrija. Nilimwambia kitabu hakisemi. Nikamwuliza yeye husiaje ulezi. Alisema hutupa kutoka mpakani kuelekea ndani, upepo ukiwa mgongoni, na kwamba kwa upande wa njia huongeza konzi moja.

Tangu hapo huwapa wanafunzi wangu zoezi kabla hatujafungua ufafanuzi wowote wa Marko 4. Kila mmoja hupewa kikombe cha ulezi na kipande cha ardhi nyuma ya madarasa, chenye kijia kinachokatiza. Husia, kisha hupiga magoti na kuhesabu punje zilizoanguka kijiani. Hesabu huchukua muda mrefu, na kuku wa majirani kwa kawaida hufika kabla haijaisha.